Namna ya Kuutembelea Mji wa Tabora kwa Kufuata Njia ya Wapagazi

Mgeni anayeshuka Tabora kwa mara ya kwanza kwa kawaida hupelekwa mahali pawili: penye boma la Wajerumani, na Kwihara penye tembe, jumba la udongo alilokaa Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uingereza. Akishapiga picha zake huambiwa kwamba mji ameumaliza. Mimi ni mkazi wa mji huu, na kila nisikiapo maneno hayo huumia, kwa kuwa najua mgeni huyo ameonyeshwa waliopita njia akanyimwa waliobeba mizigo. Boma na tembe vinastahili kuonwa, nami nitavieleza. Lakini vyote viwili vilikuja kwa sababu njia ilikuwapo tayari, na njia hiyo ilikanyagwa na Wanyamwezi waliochukua pembe za ndovu hadi pwani ya Bagamoyo na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Maelekezo haya nimeyapanga kwa mtu mwenye siku tatu, ambaye yuko tayari kutembea kwa miguu na kuuona mji kwa kufuata jinsi ulivyokua.

Wakati wa kuja na namna ya kufika

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ndicho kipindi chepesi kwa mtembezi. Barabara za vumbi hupitika, asubuhi huwa na ubaridi kwa kuwa mji uko kwenye uwanda wa juu wa mita zipatazo 1,200, na ndicho kipindi ambacho zamani misafara iliondoka, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Hata hivyo, yeyote anayeweza kuvumilia matope ningemshauri aje Novemba au Desemba, kwa sababu ya miembe. Miembe ya Tabora ni mikubwa, imesimama kwa safu kando ya barabara za zamani, na wazee husimulia kwamba mingi ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, waliokuwa huru na waliokuwa wamefungwa minyororo. Msimu wa embe ukifika, chini ya miti hiyo hukaa akina mama wenye mabeseni, na matembezi ambayo yangechukua saa moja huchukua tatu bila mtu kulalamika.

Mabasi huja kutoka Dar es Salaam kwa kupitia Dodoma na Manyoni, na kutoka Mwanza kwa kupitia Nzega. Ukiwa na nafasi, panda treni ya reli ya kati. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa njia ile ile iliyokuwa ya misafara. Mzigo ambao mpagazi aliuchukua begani kwa miezi mingi kutoka huku hadi pwani ukaanza kwenda kwa siku chache. Ratiba za treni hubadilika, kwa hiyo uliza stesheni mapema na usitegemee ratiba ya mwaka jana. Ukishuka, usikimbilie bodaboda mara moja. Simama kwenye jukwaa, utazame jengo la stesheni lenye paa la mwinuko mkali ambalo Wajerumani waliliacha, kisha utazame reli zenyewe: moja huendelea magharibi kwenda Kigoma, nyingine hugeuka kaskazini kwenda Mwanza, tawi lililokamilika mwaka 1928. Tabora ilikuwa njia panda enzi za miguu, na injini zilipokuja zikaikuta njia panda ile ile. Hata kata mojawapo ya mji huitwa Tambuka Reli.

Kabla hujaanza kutembea

Jambo la kwanza kujifunza ni salamu, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu ndilo litakalokufungulia au kukufungia milango. Tabora yote husema Kiswahili, na shikamoo kwa mtu aliyekuzidi umri haina mbadala. Lakini ukimwamkia mzee wa Kinyamwezi asubuhi kwa kusema "mwangaluka", au mchana na jioni kwa kusema "mwadila", ukaongeza "baba" au "mayu" kadiri inavyostahili, utaona uso wake unavyobadilika. Ukipewa kitu, pokea kwa mikono miwili na useme "wabeja". Wanawake wengi wa hapa bado hupiga goti wanapomsalimu mkubwa. Mgeni hatarajiwi kufanya hivyo, ila hatarajiwi kusalimu huku anapita wala mkono mmoja ukiwa mfukoni.

Niliwahi kumsindikiza mgeni aliyetaka kuona nyumba ya zamani yenye mlango wa kuchongwa. Tulikuwa na haraka, akaanza kuupiga picha mlango kabla hatujamsalimu mwenye nyumba aliyekuwa ameketi barazani. Mzee yule hakutufokea. Alinyanyuka, akaingia ndani na kuufunga mlango. Ilinibidi nirudi peke yangu kesho yake, niketi, niulize habari za nyumbani na za shamba, ndipo nikaruhusiwa kumleta mgeni tena. Tangu siku hiyo kamera hukaa begani mpaka mwenye mahali aseme ndiyo. Majengo yanayolindwa na askari, pamoja na stesheni na njia za reli, yasipigwe picha kabisa bila ruhusa ya wanaohusika.

Jambo la pili ni utani. Wanyamwezi wana watani wengi, hasa Wazaramo na makabila mengine yaliyokuwa kando ya njia ya kwenda pwani, na utani huo ulikuwa na kazi: msafiri aliyepita nchi ya watu alihitaji watu ambao wangempa chakula, wangemzika akifa, na wangeweza kugombana naye kwa maneno bila vita. Ukisema kwamba unatoka Dar es Salaam na kwenu ni Uzaramo, utachokozwa sokoni na pengine hata msibani. Usikasirike, jibu kwa uchokozi wa namna hiyo hiyo. Aliyekasirikia utani ameonekana hakulelewa.

Siku ya kwanza: Kwihara

Kwihara iko kama kilomita 6 kusini-magharibi mwa mji. Kwa bodaboda ni safari fupi, lakini ninapendekeza uende kwa miguu asubuhi na kurudi kwa pikipiki jua likishapanda. Katika mwendo huo ndimo utakapopata kipimo cha mambo. Mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kabla ya kuongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake, na umbali wa kutoka hapa hadi bahari ni zaidi ya kilomita 800. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliopatana ujira, wakagoma walipodhulumiwa, na kijana ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Hata jina la mji wenyeji wengi hulihusisha na safari hizo, wakisema kwamba limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa hadi vikawa vikavu, chakula ambacho hakiozi njiani.

Ukweli wa upande wa pili nao usikwepwe. Njia hii hii ilipitisha watu waliotekwa huko Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, na maeneo mengine ya magharibi, wakipelekwa sokoni wakiwa wamefungwa. Kiongozi atakayekutembeza akikueleza habari za biashara ya pembe tu, muulize habari za watu hao. Na akikueleza habari za minyororo tu, muulize habari za wapagazi wa ujira. Mji ulibeba yote mawili kwa pamoja.

Tembe lenyewe ni jumba la udongo lenye paa bapa, milango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa pwani, na ua katikati. Wafanyabiashara Waarabu walijenga majumba ya namna hii katika Unyanyembe, nchi ya Kinyamwezi ambamo mji huu umo, mahali ambapo wapelelezi Waingereza Burton na Speke, walipofika Novemba 1857, walipaita Kazeh. Stanley, mwandishi wa habari, alifikia Kwihara mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na Februari 1872 alirejea hapa pamoja naye wakitokea Ujiji. Machi mwaka huo Stanley alishika njia ya pwani; Livingstone akabaki akingoja wapagazi ambao mwenzake aliahidi kumtumia. Akangoja hadi Agosti. Tafadhali simama ndani ya ua huo na ufikirie miezi hiyo mitano: mtu ambaye jina lake liliijaza dunia hakuweza kuondoka Kwihara kwa sababu wenye mabega hawakuwa wamefika.

Walipofika waliondoka pamoja naye, na alipofariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaubeba. Oktoba mwaka huo walipita tena Unyanyembe na mzigo huo. Luteni Cameron wa Uingereza, waliyemkuta hapa, aliwashauri wamzike papa hapa. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa 1874. Katika yote niyajuayo kuhusu Kwihara, hilo ndilo ambalo humwambia kila mgeni hata kama muda ni mfupi. Ukilipa kiingilio, dai risiti, na umpe mtunza nyumba nafasi ya kusimulia kwa utaratibu wake mwenyewe.

Siku ya pili: watemi, boma na shule

Asubuhi ya pili ianze Itetemia, upande ambako watemi, yaani watawala wa jadi wa Unyanyembe, walikuwa na makao yao. Hapa hapaendwi kama dukani. Pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, ueleze nia yako, uombe mtu wa kukupeleka kwa wazee, na uvae nguo za heshima zinazofunika magoti. Makaburi na ngoma za utemi ni amana ya ukoo. Ukionyeshwa shukuru, usipoonyeshwa usishinikize. Utemi kama mamlaka ya serikali uliondolewa baada ya uhuru, lakini heshima yake haikuondolewa, na ukoo wa Fundikira unajulikana nchi nzima: Abdallah Fundikira, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe, alikuwamo katika baraza la kwanza la mawaziri la Tanganyika huru.

Ukiwa huko, uliza habari za Isike. Mtemi huyu aliwazuia Wajerumani wasiitawale njia, akawashinda zaidi ya mara moja waliposhambulia ngome yake, mpaka Januari 1893 kikosi kilichoongozwa na Tom von Prince kilipoivunja. Isike alikwenda kwenye ghala lake la baruti akalilipua huku yumo ndani, kuliko kukamatwa. Ni lazima usikie habari hiyo kabla ya kuliona boma, kwa sababu boma bila Isike ni kuta nene tu.

Boma litazame kwa nje na kwa mbali, ukizingatia niliyosema juu ya picha. Lililo muhimu zaidi kuelewa ni kwamba Wajerumani hawakuuanzisha mji. Waliukuta umejaa watu, na ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya koloni lao. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia njia ya bahari, fedha ziliadimika, wakaanza kufua sarafu hapa hapa Tabora. Mwaka 1916 walitoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo na milima, dhahabu yake ikitoka Sekenke huko Iramba. Hazikudumu katika mzunguko: Septemba 19 mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini. Wakusanyaji wa leo huzitafuta sarafu hizo kwa bei kubwa, na mtu akikufuata mtaani akidai kwamba anayo moja anayotaka kuiuza kwa siri, mkatalie kwa upole.

Mchana nenda upande wa shule. Sekondari ya wavulana ya Tabora ilianzishwa na Waingereza katika miaka ya 1920, na mwanzoni ilikusudiwa hasa kwa watoto wa machifu. Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937, na baada ya Makerere alirudi mjini kufundisha katika shule ya wamisionari ya Mtakatifu Maria. Omba ruhusa kwa uongozi wa shule kabla ya kuingia, na usiende saa za masomo au za mitihani. Januari 1958 Nyerere alirudi tena Tabora akiwa kiongozi wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, katika mkutano mkuu uliobishaniwa vikali kuhusu kura tatu: kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na wengi waliona kwamba ni aibu kuukubali uchaguzi wa namna hiyo. Chama kiliamua kushiriki, na uamuzi huo umeitwa hadi leo Uamuzi wa Busara. Wazee wa mji wanaweza kukueleza mjadala ule kwa kirefu kuliko mimi, na ni vizuri uwasikie wao.

Siku ya tatu: mitaa, soko na ngoma

Siku hii isiwe na ratiba kali. Anza katika mitaa ya Gongoni, Kanyenye na Isevya mapema asubuhi, ambapo utaona pwani imehamia bara: nyumba zenye baraza, wazee wenye kanzu na kofia, kahawa chungu ya vikombe vidogo, madrasa na misikiti. Uswahili huu haukuletwa na serikali yoyote. Uliletwa na watu waliokwenda na kurudi, pamoja na Wamanyema na watu wa pwani waliobaki. Ukikaribishwa barazani, kaa. Habari za mji hupatikana hapo kuliko katika kitabu chochote. Ijumaa wakati wa swala usiranderande mbele ya misikiti ukiwa na kamera, na mwanamke atakayetembea mitaa hiyo atajisikia huru zaidi akiwa na mtandio au khanga.

Sokoni, tafuta asali. Tabora imezungukwa na miombo, na ufugaji wa nyuki ni kazi ya mababu hapa. Hata chuo cha serikali cha ufugaji nyuki kipo mjini. Mizinga ya asili hutengenezwa kwa magome au magogo na kutundikwa juu ya miti. Muulize muuzaji kama asali yake ni ya nyuki wakubwa au ya nyuki wadogo wasiouma. Ya nyuki wadogo ni chache, nyepesi, ina uchachu kidogo, na bei yake huwa juu. Asali nyeusi yenye harufu ya moshi haijaharibika, ni dalili ya urinaji wa zamani. Wala asali ikiganda usidhani kwamba imetiwa sukari: asali halisi nayo huganda, hasa nyakati za baridi, na ukiiweka kwenye maji ya uvuguvugu hurudi kama ilivyokuwa. Majaribio ya kiberiti na ya karatasi ambayo watu huyafanya sokoni hayathibitishi kitu. Kilicho salama ni kununua kwa mtu anayeweza kukutajia kijiji ilikotoka, au kwa kikundi cha warina asali kinachofunga chupa zake kwa lebo.

Nunua pia matobolwa, na michembe ambayo ni viazi vilivyokatwa na kuanikwa bila kupikwa. Viulize vyote viwili usije ukachanganya, kwa kuwa matobolwa huweza kuliwa njiani kama yalivyo na michembe huhitaji chungu. Matunda ya porini kama ntalali na mbula huonekana kwa msimu wake. Kwa chakula cha mchana, omba ugali wa mtama au wa muhogo kwa mlenda, au wali wa mchele wa mkoa huu kwa maharage. Mama lishe atafurahi kuona mgeni hakuulizia chipsi.

Jioni uliza kama kuna ngoma. Hiari ya Moyo ni mojawapo ya ngoma za Kinyamwezi zilizojulikana nchi nzima, na wako pia Wayeye, chama cha waganga na wacheza nyoka, ambao elimu yao ya sumu na dawa ni ya kurithishana kwa viapo. Usiombe kuonyeshwa nyoka kama mchezo wa kulipia. Ikitokea sherehe na ukaalikwa, keti ulikoelekezwa, changia kidogo kama wengine wanavyochangia, na ngoma ikikuita simama ucheze hata kama hujui. Mji huu ulikuwa pia na bendi zilizotamba redioni, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Watu wa rika la babu zetu ukiwatajia majina hayo watakusimulia dansi za usiku kucha.

Ukibakiwa na siku ya nne, panda basi au treni kuelekea magharibi hadi Urambo, nchi ya Mirambo, mtawala ambaye Agosti 1871 aliushambulia mji wa Tabora na kuuchoma moto, na aliyeitawala njia ya Ujiji hadi alipofariki mwaka 1884. Kama huna siku hiyo, basi usiku wa mwisho ufungashe vizuri: asali itiwe kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, lizungushiwe mfuko wa nailoni mara mbili, lisimamishwe wima miguuni pako na lisiingizwe kwenye buti la basi, na matobolwa yawekwe juu ya begi, mahali ambapo mkono utayafikia kabla hujapita Itigi, njiani kwenda Manyoni.